Kukuza fuwele za Lu₅Rh₆Sn₁₈ na kupima kama zinavunja ulinganifu wa wakati

Kinachotafutwa hapa, ndani ya fuwele za Lu₅Rh₆Sn₁₈ (msombo wa luteti, rodi na stani), ni uga wa sumaku wa takriban mikrotesla 10. Uga wa Dunia pale Oxfordshire, Uingereza, kilipo kituo cha ISIS chenye mashine za kupima kwa muoni (chembe ndogo iliyo kama elektroni nzito), unakaribia mikrotesla 50. Kwa hiyo kinachowindwa ni kidogo kuliko kile kinachoelekeza sindano ya dira. Uga huo ukizuka wenyewe ndani ya metali bila sumaku ya nje, na ukazuka katika halijoto ileile ambayo metali inageuka kuwa superkondakta, inayopitisha umeme bila ukinzani wowote, basi jozi za elektroni zimevunja ulinganifu wa kugeuza wakati. Mwendo wao ukirudishwa nyuma haufanani tena na ulivyokuwa ukienda mbele. Superkondakta za kawaida kama stani na risasi hazifanyi hivyo.

Lu₅Rh₆Sn₁₈ iliripotiwa kufanya hivyo mwaka 2015, katika kazi iliyounganisha watu wa ISIS, Chuo Kikuu cha Johannesburg na maabara za Japani, miongoni mwa wengine. Dada zake Y₅Rh₆Sn₁₈ (yenye itri mahali pa luteti) na Sc₅Rh₆Sn₁₈ (yenye skandi) ziliripotiwa pia, na familia nzima inatokana na kazi ya J. P. Remeika na wenzake wa Bell Labs mwaka 1980. Ndani yake atomi za stani hujipanga kuwa vizimba, na katika kila kizimba kuna atomi yenye nafasi ya kutikisika. Kipimo cha seli ya fuwele ni a = 1.369 nm na c = 2.737 nm, kundi la ulinganifu I4₁/acd.

Kwa kuwa ishara ni ndogo kiasi hicho, kazi haianzii kwenye mashine ya muoni. Inaanzia kwenye mizani, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu adui mmoja: stani inayobaki baada ya kukuza fuwele. Stani ni superkondakta kwenye 3.72 K. Lu₅Rh₆Sn₁₈ inaanza kwenye 4.0 K hivi, na Y₅Rh₆Sn₁₈ kwenye 3.0 K. Ukiwa mzembe, tone la kiyeyushi litakupa mchoro mzuri wa kitu ambacho hukukikuza.

Malighafi

Uwiano wa atomi ni Lu:Rh:Sn = 1:2:20. Stani ni kiungo na ni kiyeyushi pia: inayeyusha vingine viwili, kisha fuwele zinajitenga ndani yake polepole inapopoa. Kwa stani ya gramu 10.000, pima luteti gramu 0.737 na rodi gramu 0.867. Ukitaka ya itri, weka gramu 0.3745 za itri mahali pa luteti na mengine yabaki yalivyo.

Kumbuka kwamba kinachokwisha kwanza ni luteti. Kila Lu 1 inahitaji Rh 1.2 tu, wewe umeweka 2. Hata luteti yote ikiingia kwenye fuwele huwezi kupata zaidi ya gramu 3.06, na kwa kawaida utapata pungufu. Rodi ndiyo inayokula bajeti, kwa hiyo usitupe stani iliyochujwa: rodi iliyobaki imo humo.

Nunua stani ya 99.999% na luteti safi kadiri unavyoweza, na usome cheti chake kwa makini. Wauzaji wengi huandika "99.9% REO". Maana yake ni kwamba luteti ni safi ikilinganishwa na metali nyingine adimu za ardhi peke yake; oksijeni na chuma havikuhesabiwa. Omba uchambuzi kamili, na utazame hasa gadolini, erbi na chuma, kwa sababu chembe chache zenye usumaku hutetemesha muoni na kuiga ishara unayoitafuta.

Ndani ya sanduku la glovu lenye arigoni, kwangua ngozi ya luteti kwa kisu au kwa tupa hadi ing'ae, kisha ipime humohumo. Itri pia huharibika hewani, hivyo usiitoe nje hata kidogo kabla ya kuiziba.

Kikombe na ampuli

Tumia kikombe cha alumina cha mililita 5. Cha mililita 2 kitafurika karibu na ukingo stani ikiyeyuka. Usiweke mchanganyiko moja kwa moja kwenye kwatzi, kwa sababu luteti na itri hunyakua oksijeni ya silika, zikala ukuta na kukuachia silikoni ndani ya fuwele.

Panga hivi: nusu ya stani chini, rodi na luteti katikati, stani iliyobaki juu. Rodi ikiwa ya unga, vuta hewa taratibu sana, la sivyo unga utapeperushwa kuelekea pampu na uwiano wako umekufa kabla ya kuwasha tanuri. Juu ya kikombe weka pamba ya kwatzi, na juu yake kikombe cha pili kilichopinduliwa. Hicho cha pili ndicho kitakachopokea stani siku ya kuchuja.

Osha bomba la kwatzi kwa ethanoli na ulikaushe, na baada ya hapo usilishike kwa mikono mitupu. Chumvi ya vidole huifanya kwatzi igeuke nyeupe na kupasuka ikikaa juu ya 1000 °C. Vuta hewa, suuza kwa arigoni mara tatu, kisha ziba ukiacha arigoni ya takriban 0.2 ya kanieneo ya angahewa. Hesabu yake ni rahisi: kutoka 295 K hadi 1323 K kanieneo huongezeka mara 4.5, kwa hiyo 0.2 inakuwa 0.9 na ukuta hausukumwi kwa nguvu upande wowote. Ukiziba kwa kanieneo kamili, ampuli itafika zaidi ya mara nne ya hewa ya nje huku kwatzi ikiwa karibu na joto la kulegea. Hilo ni bomu ndani ya tanuri.

Ratiba ya tanuri

Pandisha kwa 100 °C kwa saa hadi 600 °C na utulie saa kadhaa. Stani inapokutana na rodi na luteti hutoa joto lake yenyewe. Ukikimbia, mchanganyiko unachemka ghafla na kurusha matone nje ya kikombe. Endelea hadi 1050 °C. Mapishi yaliyochapishwa hukaa hapo saa 3. Kama rodi yako ni ya vipande badala ya unga, kaa saa 12 au zaidi, maana rodi huyeyuka yenyewe kwenye 1964 °C na hapa inategemea stani kuilamba taratibu. Kipande kisichoyeyuka kikibaki chini, fuwele zote zitaotea juu yake zikiwa ndogo na zimeshikana.

Kisha poza kwa 5 °C kwa saa. Ratiba iliyochapishwa inashuka hivyo hadi 200 °C, karibu siku saba. Stani huganda kwenye 232 °C, kwa hiyo ukifika huko lazima uipashe tena moto kabla ya kuchuja. Kuna sababu nyingine ya kutosubiri hadi chini kabisa. Luteti ikiisha, rodi ya ziada bado imo kwenye stani, takriban atomi 4 hadi 5 katika kila 100, na inavyozidi kupoa lazima itoke kwa sura ya misombo ya rodi na stani peke yake. Misombo hiyo hung'ang'ania nyuso za fuwele zako. Ukiikuta kwa wingi, chuja kwenye joto la juu zaidi safari ijayo, 500 °C kwa mfano, hata kama utapoteza uzito kidogo.

Kuchuja ni kazi ya sekunde. Vaa ngao ya uso, aproni na glovu za joto. Andaa sentrifuji wazi, ikiwa na kopo lenye pamba ya kwatzi ya kupokea ampuli na uzito sawa upande wa pili. Toa ampuli kwa koleo, ipindue, iingize, funga kifuniko na uzungushe mara moja. Kati ya mlango wa tanuri na mzunguko zisipite sekunde 10. Zikipita, stani inaganda kama koti juu ya fuwele na utalazimika kurudia kupasha. Iache ipoe kabisa, izungushie kitambaa kinene, ndipo uvunje.

Kuondoa stani iliyobaki

Fuwele nzuri hutoka zikiwa na nyuso bapa zinazong'aa kama kioo, nyingi za milimita chache. Ng'ao wa stani ni tofauti: ni mweupe laini, wa mviringo kwenye kona, kama nta iliyochuruzika kwenye mshumaa. Tumia hadubini na uzoeshe jicho lako kutofautisha hizo mbili. Hakuna kifaa kitakachokuokoa zaidi ya hicho.

Stani ya juu huondolewa kwa asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, sehemu 1 ya asidi kwa 3 za maji, ndani ya kabati la kuvuta hewa kwa sababu hidrojeni inatoka. Jaribu fuwele moja kwanza. Itazame kila nusu saa: uso bapa ukianza kufifia na kuwa mweusi, asidi imemaliza stani na sasa inaila fuwele yenyewe. Suuza kwa maji yaliyochujwa, kisha ethanoli kwenye bafu la mawimbi ya sauti.

Stani iliyofungiwa ndani haifikiwi na asidi. Kata fuwele mbili tatu za kila kundi kwa msumeno wa waya, ng'arisha sura ya mkato na utafute mabaka meupe. Fuwele zilizokua haraka huwa nayo zaidi, na tiba yake ni kupoza kwa 2 °C kwa saa badala ya 5.

Kujua umekuza nini

Saga kidogo na upige eksirei. Hapa kuna mtego wa jiometri: 2a ni 2.738 nm na c ni 2.737 nm. Tofauti haifiki sehemu moja ya elfu, na kwenye mashine ya kawaida fuwele hii ya tetragona inaonekana ya mchemraba. Usitegemee mistari kutengana. Tafuta mistari dhaifu ya ziada inayoletwa na c kuwa mara mbili, au peleka fuwele moja kwenye kipimo cha fuwele pekee. Stani utaitambua, kwa eksirei ya shaba Kα, kwa mistari miwili karibu na 30.6° na 32.0°. Ukiiona, rudi kwenye asidi.

Halafu pima usumaku kwa SQUID, kihisi cha sumaku chenye wepesi mkubwa wa kuhisi. Poza bila uga, weka 1 mT, panda polepole kutoka 2 K. Kwa sampuli ya itri kazi ni nyepesi: ngazi kwenye 3.72 K ni stani, ngazi kwenye 3.0 K ndiyo yako. Kwa luteti si hivyo. Sampuli ikishageuka kwenye 4.0 K inafukuza uga kutoka ndani yake yote, na stani iliyo katikati inajificha nyuma ya ngao hiyo. SQUID itasema "safi" wakati si safi. Ndiyo maana tumesisitiza kukata na kutazama.

Rudia kipimo kwa 50 mT. Stani safi haiwezi kuvumilia zaidi ya 31 mT hata kwenye sifuri kamili, ilhali Lu₅Rh₆Sn₁₈ inastahimili uga wa tesla kadhaa. Chochote kinachobaki kwenye 50 mT si stani safi. Usisahau pia kusahihisha umbo: tufe kamili la superkondakta hutoa −1.5 kwenye hesabu ya kawaida, si −1, na watu wengi wamejipongeza kwa "asilimia 150" bila sababu.

Kipimo cha tatu, na ndicho tunachokiamini kuliko vyote, ni joto mahususi. Hiki hakidanganyiki na ngozi nyembamba kwa sababu kinahesabu sampuli nzima. Kipande cha miligramu 5 hadi 20 kinatosha, kutoka 0.5 K hadi 10 K, mara moja bila uga na mara nyingine kwa uga unaoua hali ya superkondakta kabisa. Mruko kwenye Tc, yaani halijoto ambayo sampuli inageuka kuwa superkondakta, uwe mwembamba. Ukitandaa zaidi ya 0.2 K, fuwele zako hazifanani ndani, na huna haja ya kuzipeleka Uingereza.

Kupeleka kwenye muoni

Muoni huingizwa kwenye sampuli ikiwa na spini iliyoelekezwa upande mmoja. Inatulia kati ya atomi, spini yake inazunguka kufuata uga wowote wa sumaku ilipokaa, na baada ya wastani wa mikrosekunde 2.2 inavunjika na kutupa positroni kuelekea spini ilikokuwa. Ukihesabu positroni za mbele na za nyuma unajua spini zimepotea kwa kasi gani. Hakuna haja ya kuweka uga wa nje, na hiyo ndiyo nguvu ya njia hii.

Muoni hizi hupenya takriban gramu 0.15 hadi 0.25 kwa sentimita mraba. Msongamano wa Lu₅Rh₆Sn₁₈, ukihesabiwa kutoka kwenye seli, ni 9.4 g/cm³, kwa hiyo milimita 0.5 zinatosha kuzisimamisha zote. Panga fuwele kama vigae kwenye bamba la fedha ya 99.995%, zikijaza duara la milimita 25. Kwa unene wa milimita 1 hizo ni gramu 4.6, yaani makundi mawili au matatu ya tanuri. Gandisha kwa vanishi ya GE (gundi ya kazi za baridi kali) iliyozimuliwa na ufunike kwa karatasi nyembamba ya fedha. Fedha imechaguliwa kwa sababu viini vyake vina usumaku hafifu sana. Muoni ikikosa sampuli na kuangukia fedha, inatoa mstari bapa usiosumbua. Usitumie skrubu za chuma popote karibu.

Futa uga wa nje kabla ya kupoza. Koili za pande tatu zipunguze mabaki hadi chini ya mikrotesla 1, tena sampuli ikiwa bado juu ya Tc. Ukiifuta baadaye, mistari ya uga inanaswa ndani na haitoki hadi upashe upya. Fikiria ukubwa wake: uga wa mikrotesla 10 huzungusha spini radiani 0.17 kwa mikrosekunde 20. Hiyo ni kiasi kilekile cha kitu unachokuja kukiona.

Pima kwanza kwa uga wa kukingamana (ulio mraba na spini) wa 2 mT juu ya Tc, ili kusawazisha vihisi vya mbele na nyuma na kujua sehemu ya muoni zilizoangukia fedha. Kisha anza kushuka bila uga. Halijoto za juu ya Tc zisiwe moja au mbili. Chukua angalau sita, kutoka 8 K hadi 4.2 K, kwa sababu dai lako lote linasimama juu ya mstari huo kuwa bapa. Kila halijoto ipe matukio milioni 20 hadi 40.

Kusoma mikunjo

Linganisha data na A(t) = A₀ · G(t) · exp(−λt) + A_bg, ambapo G(t) = 1/3 + 2/3 (1 − σ²t²) exp(−σ²t²/2). Hapa A(t) ni tofauti ya hesabu za mbele na nyuma, λ ni kasi ya ziada ya spini kupotea, na A_bg ni mchango wa fedha. Sehemu ya σ inatoka kwenye viini, na hapa luteti ina sauti kubwa kwa sababu ya spini yake ya 7/2. Itri ina sauti ndogo. Viini havijali kama metali ni superkondakta au la, hivyo tumia σ moja kwa halijoto zote na A_bg ile uliyoipata kwenye kipimo cha 2 mT. Achia λ peke yake. Ukiziachia σ na λ zote mbili zitavutana: moja inapanda nyingine inashuka, na utaona mruko popote unapoutamani.

Sasa chora λ dhidi ya halijoto. Ulinganifu wa wakati ukivunjika, λ inabaki bapa hadi Tc kisha inaanza kupanda. Ikiwa inapanda polepole kutoka 8 K bila kona, hizo ni chembe zenye usumaku, na jibu liko kwenye cheti cha luteti yako. Ikiwa kona iko 3.72 K badala ya 4.0 K, unajua adui ni nani. Kubadili ongezeko kuwa uga, gawa kwa 851.6 (kwa mikrosekunde na tesla): ongezeko la 0.01 kwa mikrosekunde ni mikrotesla 12.

Bado kuna jaribio moja lisilorukwa. Panda juu ya Tc, weka uga wa 15 mT sambamba na spini, poza ukiwa nao, kisha pima chini. Uga wa ndani ukiwa umetulia, uga huu mkubwa unaishika spini na λ ya ziada inatoweka. Isipotoweka, unachokiona kinatikisika haraka, na hicho si uga wa jozi za elektroni. Ukiuweka baada ya kupoza, superkondakta itaukataa na muoni za ndani hazitauona ipasavyo.

Matokeo ya luteti yana jambo linalowakosesha wanafizikia usingizi. Kwa fuwele ya tetragona, nadharia rahisi ya kuvunja ulinganifu wa wakati inadai pengo la nishati (nishati ya kuvunja jozi za elektroni) lenye matundu, yaani pande ambako linafika sifuri, ama mstari ama nukta. Lakini vipimo vya joto mahususi vya Lu₅Rh₆Sn₁₈ vinaonyesha pengo linalofanana pande zote, wakati la Y₅Rh₆Sn₁₈ halilingani pande zote. Kwa hiyo ukiwa na muda uliobaki, usirudie kipimo kilekile. Weka 40 mT ya kukingamana, poza nayo, na ufuate upana wa σ wa kipimo hiki (si ile σ ya viini) hadi halijoto ya chini kabisa. Ikilala bapa chini ya theluthi ya Tc, pengo halina tundu. Ikiendelea kupanda kwa mstari, lina matundu.

Ukimaliza, loweka bamba kwenye ethanoli usiku kucha. Vanishi inaachia na fuwele zinaanguka zenyewe. Chukua vipande vitatu kutoka katikati ya duara, palipopigwa na muoni nyingi, na uvipime tena joto mahususi. Tc ya vipande hivyo, si ya fuwele nyingine ya kundi hilo, ndiyo unayoichora kwenye grafu ya λ.